Kipandikizi cha Jino Kinapoleta Shida: Anza kwa Kujua Kinachocheza Ni Kipi

Mama mmoja alikuja kliniki na jino lake limefungwa kwenye pindo la kanga. Lilikuwa limechomoka mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara mbili alikuwa amelirudisha mwenyewe kwa supaglu. Alishakata tamaa, akaniuliza kabla hata hajakaa: "Daktari, kukitoa chote ni shilingi ngapi?" Kumbe kilicholegea kilikuwa skrubu moja ndogo. Kazi ilituchukua chini ya saa moja, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nakwangua gundi.

Wiki hiyohiyo akaja mzee aliyetaka kusafishwa meno tu. Hana maumivu, kofia ya jino iko imara, anatafunia bila wasiwasi. Eksirei ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya mfupa uliokishika kipandikizi chake umekwisha liwa. Yeye ndiye aliyekipoteza.

Nawataja wote wawili kwa sababu ndivyo matatizo ya vipandikizi yalivyo: linalotisha mara nyingi ni dogo, na linaloua kipandikizi huja kimyakimya. Jino la asili lina neva ndani yake, likioza linakuamsha usiku. Kipandikizi hakina. Ukisubiri mpaka kikuume ndipo uende kwa daktari, utachelewa. Badala ya kuuliza "kinauma?", jiulize mambo mawili: ni kipande gani chenye tatizo, na limeanza muda gani tangu uwekewe? Majibu hayo mawili yanatosha kupunguza orodha ya visababishi hadi viwili au vitatu.

Vipande vilivyomo mdomoni

Kipandikizi chenyewe ni kama mzizi wa bandia, kwa kawaida wa metali ya titani, uliozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Juu yake kuna kiunganishi kinachopita kwenye ufizi. Juu ya kiunganishi kuna kofia, yaani jino lenyewe unaloliona kwenye kioo. Kofia hubanwa kwa skrubu ndogo au hugandishwa kwa saruji ya meno.

Titani inapendwa kwa sababu mfupa huikubali na kujijenga moja kwa moja juu yake. Jambo hilo liligunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura na kukuta vifaa vyake vya titani havitoki tena. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi katika taya la chini mwaka 1965, akaendelea kuvitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Miaka zaidi ya 40. Kwa hiyo mtu akikuambia "vitu hivi havidumu", mwulize vilivyotunzwaje.

Kinacheza

Usikitikise kwa kidole wala ulimi ili kuhakikisha. Angalia dalili hizi tu. Kama jino linazunguka kidogo au unasikia mlio mdogo unapouma, na ufizi umetulia, hauna usaha wala uvimbe, mtuhumiwa wa kwanza ni skrubu ndogo. Kama limetoka lote mkononi na ndani yake kuna tundu lenye mabaki meupe, saruji imeachia. Lakini kama jino na kilicho chini yake vinacheza pamoja, kuuma kitu kunakuletea maumivu ya ndani, na ufizi wa pembeni ni mwekundu, basi huenda kipandikizi chenyewe kimeachana na mfupa. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari: anafungua kofia, anaiweka pembeni, anajaribu kile cha chini peke yake. Nimeshaona watu walioambiwa wang'oe kipandikizi kizima bila mtu kufanya jaribio hilo la dakika tano. Ukiambiwa hivyo, kataa kwa adabu, omba kofia ifunguliwe kwanza.

Skrubu hulegea kwa sababu zinazojulikana. Haikukazwa kwa kipimo: mifumo mingi inataka nguvu ya kama niutoni sentimita 30 hadi 35, na hiyo hupatikana kwa spana yenye kipimo, si kwa hisia ya mkono. Au kofia imekaa juu kuliko meno jirani, kwa hiyo kila ukifunga mdomo inapigwa ya kwanza. Au ni pana mno kwa mzizi uliopo chini yake. Au unasaga meno usingizini. Ikilegea mara ya kwanza, kukaza kunatosha. Ikilegea mara ya pili, kukaza peke yake ni kuahirisha. Mwumo, yaani jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana, lazima ukaguliwe. Skrubu iliyolegea ikiachwa itumike hivyo hivyo hupinda, kisha hukatika, na kutoa kipande kilichobaki ndani ni kazi ngumu kweli.

Kuhusu supaglu: tafadhali, hapana. Inaunguza ufizi, inaziba tundu ambalo bisibisi inapaswa kupita, na inagandisha jino likiwa limepinda. Weka jino lako kwenye kikopo safi, lilete. Ukilimeza, mara nyingi litatoka lenyewe kwa njia ya kawaida. Ila ukianza kukohoa au kuhema kwa shida baada ya kulipoteza, nenda hospitali saa hiyohiyo, maana linaweza kuwa limeingia kwenye njia ya hewa.

Kipandikizi ambacho kimeshapona kisha kikaanza kucheza chenyewe hakirudi tena. Hakuna dawa ya kukikaza kwenye mfupa. Kinatolewa, na kadiri kinavyotolewa mapema ndivyo mfupa unavyobaki wa kutosha kwa mpango mwingine.

Siku za mwanzo: kawaida ni ipi?

Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Mate yenye wekundu siku ya kwanza si ajabu. Kinachonitia wasiwasi ni mwelekeo kugeuka: ulikuwa unapata nafuu, halafu siku ya nne au ya tano maumivu yanaongezeka, homa inaingia, kuna ladha mbaya au usaha. Hapo ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Rudi, usiongeze dozi mwenyewe.

Kwa wanaofunga Ramadhani: dawa za kumeza kila baada ya saa nane hazikai vizuri ndani ya mfungo. Mwambie daktari mapema, apange upasuaji kabla au baada ya mwezi huo, au achague dawa yenye ratiba nyingine. Watu wanaona haya kulisema, wanaruka dozi ya mchana, kidonda kinalipa.

Ganzi ya mdomo isiyoisha

Hapa nakuomba uwe na haraka. Sindano ya ganzi huisha ndani ya saa chache. Kama umewekewa kipandikizi taya la chini, upande wa nyuma, na kesho yake asubuhi mdomo wa chini au kidevu bado kimekufa, kinachoma au kina ganzi ya sindanosindano, piga simu siku hiyo. Kuna neva inayopita ndani ya taya hilo, na kanuni ni kuacha kama milimita 2 za usalama juu yake. Kipandikizi kikiwa kimeibana, nafasi nzuri ya kuiokoa ni kukitoa au kukirudisha juu ndani ya siku moja au moja na nusu. Ukiambiwa "subiri miezi mitatu itarudi" bila hata kupigwa picha, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Miezi ya kwanza: hakikushika

Hili ndilo kundi ambalo wagonjwa huliita "mwili umekikataa". Kwa ukweli mwili haukatai titani kama unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine. Kilichotokea ni kwamba mfupa haukupata nafasi ya kujijenga, na sababu yake karibu siku zote inaweza kutafutwa.

Siku ya upasuaji kipandikizi kinashikiliwa na ubanaji tu, kama msumari kwenye ubao. Wiki zinazofuata mfupa wa zamani ulioguswa unamomonyoka na mpya unaanza kuota, na kati ya wiki ya tatu na ya nne hivi ushikaji unakuwa dhaifu kuliko hata siku ya kwanza. Mgonjwa, maskini, hapo ndipo anapojisikia mzima kabisa! Nyuzi zimetolewa, uvimbe umekwisha, anaona hakuna ubaya kujaribu hindi la kuchoma. Kipandikizi kikisogea hata kwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, tena na tena, badala ya mfupa kunaota utando laini wa nyama. Hakitashika tena. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yanayogandamiza mahali pale hufanya uharibifu huohuo polepole, kwa hiyo lazima yachongwe kwa ndani yasiguse.

Sababu nyingine ni joto. Mfupa ukipata nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu wakati wa kutoboa, chembe zake zinaanza kufa. Ndiyo maana kekee ya daktari hufanya kazi huku ikimwagiwa maji ya chumvi yaliyo baridi, na vichwa vyake vikiwa butu vinapaswa kutupwa. Mgonjwa hawezi kulijua hili akiwa amelala kwenye kiti. Anachoweza ni kuhakikisha anayemtibu amesajiliwa: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno, na majina yanaweza kuulizwa. Hii kazi haifanywi na fundi wa meno, hata awe hodari namna gani wa kutengeneza kofia.

Kisha yanakuja yaliyo mwilini mwako na katika mazoea yako.

Sigara ndiyo ninayoizungumza kwa ukali zaidi. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na mfupa unaojijenga hauna chakula kingine ila damu. Kwa wavutaji, uwezekano wa kipandikizi kushindwa ni kama mara mbili ya wasiovuta. Shisha haina msamaha, na ugoro au kuberi inayowekwa pembeni ya ufizi inakaa palepale penye kidonda. Anayeacha angalau wiki moja kabla na miezi miwili baada ya upasuaji anajisaidia. Anayeacha moja kwa moja anajisaidia kwa miaka yote ijayo.

Kisukari chenyewe si kizuizi. Kizuizi ni kisukari kisichodhibitiwa. Kipimo cha kuangalia ni kile cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, si kile cha kidoleni asubuhi moja uliyoamka vizuri. Chini ya asilimia 7 naendelea kwa amani. Ikizidi 8, naahirisha, na wagonjwa wengine hunikasirikia. Afadhali hasira hiyo kuliko kung'oa baada ya miezi minne.

Dawa zako zote zitaje, hata zile unazoziona hazihusiani na meno. Zile za kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroniki au alendroneti, pamoja na sindano ya denosumabu, zinapunguza uwezo wa taya kujitengeneza, na mfupa unaweza kufa na kubaki wazi mdomoni. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliopewa kwa mshipa kwa ajili ya saratani, ndogo zaidi kwa wanaomeza vidonge vya mifupa miepesi. Usiziache mwenyewe, daktari wako wa meno aongee na aliyekuandikia. Aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni naye asikae kimya. Hata omeprazoli, ambayo watu wananunua dukani mwaka mzima kwa ajili ya vidonda vya tumbo, imeonekana katika tafiti kuambatana na vipandikizi vingi zaidi vinavyoshindwa. Haimaanishi uitupe, inamaanisha tujue.

Na wenye VVU wasinyimwe. Anayetumia dawa vizuri na kinga yake iko juu anapona kama wengine. Uzee pia si sababu, mtu wa miaka 75 mwenye afya ni mgonjwa mzuri tu. Ni kijana ambaye taya lake bado linakua ndiye anayepaswa kusubiri, kwa sababu meno yake yataendelea kushuka na kipandikizi kitabaki palepale, kikionekana kifupi mwaka hadi mwaka.

Miaka imepita, sasa kuna damu

Yule mzee wangu alikuwa hapa. Nilipomwuliza kama anaona damu akipiga mswaki, alisema, "Kidogo tu, tangu mwaka juzi."

Damu kuzunguka kipandikizi ina maana mbili. Ya kwanza ni ufizi kuvimba kwa sababu ya ukoga, mfupa ukiwa bado salama. Hii inarudi nyuma kabisa ukisafishwa na kujisafisha. Ya pili ni uvimbe ule kushuka hadi kwenye mfupa na kuanza kuula. Hii hairudi kirahisi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zinatofautishwa kwa kijiti cha kupimia kina cha ufizi na kwa eksirei, tena eksirei inayolinganishwa na ile iliyopigwa siku kofia ilipowekwa. Baada ya mwaka wa kwanza, mfupa haupaswi kushuka zaidi ya kama milimita 0.2 kwa mwaka. Kama picha ya mwanzo haipo, kina cha milimita 6 au zaidi chenye damu au usaha, pamoja na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi, vinatosha kusema ugonjwa umefika mfupani.

Kwa nini kipandikizi kinaliwa haraka kuliko jino? Jino la asili limefungwa na nyuzi zinazoingia ndani ya mzizi wake, ni kama ukuta wa miti unaozuia maambukizi. Kwenye kipandikizi nyuzi za ufizi zinakizunguka tu bila kuingia. Adui akivuka ufizi, njia ya kwenda mfupani iko wazi.

Swali langu la kwanza kwa mgonjwa wa namna hii ni: meno yako ya asili yalipoteaje? Aliyeyapoteza kwa ajali yuko tofauti na yule ambaye yalilegea yenyewe moja baada ya jingine. Huyu wa pili alikuwa na ugonjwa wa fizi, na vijidudu vyake bado viko kwenye meno yaliyobaki. Kumwekea kipandikizi kabla ya kutibu fizi ni kupanda mche kwenye shamba lenye mchwa.

Kisha natafuta saruji. Mabaki yake yaliyojificha chini ya ufizi yanakuwa kama mwiba, ufizi unavimba miezi au hata miaka baadaye. Natazama pia umbo la kofia: kama imejazwa hadi brashi haipiti chini yake, mgonjwa analaumiwa bure kwa uchafu asioweza kuufikia. Katika hali hiyo kofia inachongwa upya. Mswaki wa mti ni mzuri kwa sura ya meno, lakini pembeni ya kipandikizi unahitaji brashi ndogo za kupita kati ya meno au uzi, kila siku.

Jambo linaloniumiza ni amoksilini na metronidazo za duka la dawa. Usaha unakauka, mtu anashukuru, baada ya miezi miwili unarudi, ananunua tena. Ukoga na ugaga ulioshikamana kwenye titani hauondolewi na kidonge. Unaondolewa kwa mkono, wakati mwingine kwa kufungua ufizi. Maji ya chumvi na karafuu yanatuliza, hayatibu. Kila mzunguko wa vidonge ni miezi mingine ya mfupa kuliwa bila maumivu.

Kofia imepasuka

Jino la asili linahisi punje ya mchanga kwenye wali na kukuamuru ufungue mdomo. Kipandikizi hakihisi hivyo, kwa hiyo unauma kwa nguvu usiyoijua. Wanaosaga meno usiku huvunja kauri, hulegeza skrubu, na mara chache hupasua hata titani yenyewe. Dalili ni mashavu kuchoka asubuhi, na mwenza anayelalamika kwa kelele. Wanahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Watafunaji wa miraa nao hutafuna kwa saa nyingi upande mmoja. Kama huwezi kuacha, angalau upande huo usiwe wenye kipandikizi. Na soda hufunguliwa kwa kifungua chupa, jamani.

Pua upande mmoja

Vipandikizi vya magego ya juu viko karibu na sainasi, yaani uwazi wa hewa ulio pembeni ya pua. Ukianza kutokwa na makamasi mazito yenye harufu upande uleule tu, au maji unayokunywa yakapitia puani, usihangaike na dawa za mafua. Omba picha ya CT ya taya.

Uliwekewa wapi?

Napokea wengi waliowekewa India, Uturuki au Ghuba, kazi nyingine safi kabisa, lakini hawana karatasi hata moja. Kila kampuni ina skrubu na bisibisi yake. Bila jina la mfumo na kipenyo, tatizo la nusu saa linageuka wiki mbili za kubahatisha. Daima ondoka na kadi yenye jina la kipandikizi, ukubwa, tarehe, na eksirei ya siku ya mwisho. Ipige picha, uitume kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani.

Kabla ya kujaribu tena

Kipandikizi kilichotolewa kinaweza kufuatiwa na kingine, kwa kawaida baada ya miezi miwili hadi minne mfupa ukishajaa, na pengine kwa kuongezewa mfupa. Cha pili kina nafasi ndogo kidogo kuliko cha kwanza, nawaambia hivyo waziwazi. Kwa hiyo sipangi tarehe kabla hatujakubaliana kwa sauti, mimi na mgonjwa, kwamba cha kwanza kilikufa kwa sababu gani.

Kwa yule mzee sababu zilikuwa mbili: fizi ambazo hazikuwahi kutibiwa, na sukari ambayo hakuijua. HbA1c yake ilitoka 9.4. Tumesafisha meno yaliyobaki, anahudhuria kliniki ya kisukari, na juzi imeshuka hadi 7.8. Pengo liko wazi, anavaa jino la kuvua. Kila akija ananiuliza lini, na kila mara namwomba kwanza anionyeshe karatasi ya maabara.